Sikio linalolia usiku na mchana: hatua za kufuata ukiwa Bukavu

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye mlio wa masikioni umekwisha kumvuruga: halali, hashiki anachosoma, anawafokea watoto bure, na akiingia kanisani anatoka kabla ya mahubiri. Ule mlio mdogo wa baada ya harusi yenye bafle (spika) kubwa, unaoondoka kesho yake, karibu kila mtu anaujua na hauhitaji maneno yote haya. Mlio mkali ni jambo jingine. Wengine husikia filimbi, wengine nyenje, wengine mvuke wa sufuria, wengine mashine inayonguruma mbali. Kwenye karatasi ya hospitali daktari ataandika akufeni.

Niseme mapema lile ambalo wauza dawa wa barabarani hawatakuambia: kwa watu wengi hakuna kidonge kinachouzima. Ila mlio ni kitu kimoja, na mateso yanayotokana nao ni kitu kingine, na hayo mateso yanapungua, tena sana. Watu wengi hufika mahali ambapo mlio bado upo lakini hawana habari nao. Hatua zifuatazo zinaelekea huko. Zifuate kwa mpangilio, kwa sababu ya kwanza ikikuhusu, nyingine zinangoja.

Hatua ya 1: Hakikisha si jambo la kukimbizwa hospitalini leo

Sikio likiziba ghafla, yaani umeamka asubuhi na upande mmoja hausikii tena, usingoje likafunguka lenyewe. Huo unaweza kuwa uziwi wa ghafla. Hutibiwa kwa dawa za jamii ya kotizoni, na dawa hizo husaidia zaidi zikianza siku za kwanza. Wiki mbili zikishapita, nafasi ya kupona imepungua mno. Wengi huipoteza hiyo nafasi wakidhani ni nta au baridi.

Nenda siku hiyohiyo pia kama mlio umekuja pamoja na uso kupinda, mkono au mguu kulegea, maneno kukwama, kizunguzungu kinachokuangusha, au kama umeanza baada ya kupigwa kichwani.

Halafu kuna mlio unaodunda. Fanya hivi: kaa chini, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba mpaka uupate mshipa, kisha sikiliza. Kama mlio unakwenda sawasawa na mdundo wa mshipa, huo hautoki mahali pamoja na filimbi ya kawaida. Unaweza kutokana na mishipa ya damu, presha au upungufu wa damu, na lazima utafutiwe chanzo chake. Si wa leo usiku, lakini si wa kuahirisha mwezi hadi mwezi. Vivyo hivyo mlio wa sikio moja tu, hasa kama upande huo usikivu nao unapungua polepole.

Waliokuwa karibu na milipuko, kama ile ya tarehe 27 Februari 2025 pale Place de l'Indépendance, na masikio yao bado yanalia, wanahitaji kuangaliwa ngoma ya sikio. Ngoma iliyotoboka mara nyingi hujiziba yenyewe ndani ya wiki au miezi michache, mradi maji yasiingie na mtu asidondoshee chochote ndani.

Hatua ya 2: Sikio lenyewe liangaliwe kwa taa

Hili ni jepesi na linarukwa sana. Kabla ya kununua chochote, muuguzi wa kituo cha afya atazame ndani kwa otoskopi. Nta iliyojaa na kugusa ngoma inaweza kuleta mlio peke yake, na ikitolewa, mlio huisha au hupungua. Usaha wa sikio uliokaa miaka nao ni chanzo, na una tiba.

Nta usiichokonoe kwa njiti ya kiberiti, kifuniko cha biki wala pamba za vijiti. Zinaisukuma ndani zaidi. Kama sikio halijawahi kutoboka wala halitoi usaha, matone machache ya mafuta safi ya kula, yasiyo ya moto, jioni kwa siku kadhaa, hulainisha nta ili muuguzi aioshe. Maji ya kuoshea yawe na joto la mwili. Yakiwa baridi utaona chumba kizima kinazunguka, na wengine hutapika hapohapo kwenye benchi.

Maji ya kitunguu saumu, mafuta ya taa, mkojo, mawese ya moto: hapana, hata kama bibi amesema.

Hatua ya 3: Andika kila dawa uliyokunywa au kuchomwa

Hapa tukae kidogo, kwa sababu mjini kwetu ndipo penye mengi.

Kwinini ndiyo ya kwanza. Bukavu tunaijua kuliko miji mingi: mti wa kinkina umelimwa kwenye vilima vya Kivu tangu enzi za Wabelgiji, na Pharmakina imetengeneza kwinini hapahapa mjini kutokana na magome yake. Nadhani ndiyo maana tunaichukulia kama kitu cha nyumbani. Lakini kwinini huleta mlio, masikio kuziba, kizunguzungu na kichefuchefu hata kwa dozi ya kawaida. Kwa kawaida hayo huisha siku chache baada ya dozi kumalizika. Kama umeandikiwa kwinini na muuguzi, usiiache katikati kwa sababu ya mlio, kwani malaria inaua. Mwambie tu kwamba masikio yanalia, aamue yeye.

Kinachonikera ni kwinini ya kujinunulia. Homa kidogo, mtu anapita farmasi ya mtaa, anatoka na vidonge au serumu (dripu) bila GE (kipimo cha damu kwa darubini) wala kipimo cha haraka. Malaria ya kawaida ina dawa zake za mchanganyiko zenye atemisinini, na kwa malaria kali Shirika la Afya Duniani limependekeza sindano ya atesunati mbele ya kwinini kwa miaka mingi sasa. Ukiwa na mlio mkali na bado unakunywa kwinini kwa kila homa, unalitesa sikio lilelile unalotaka lipone.

Zinazofuata ni sindano: jentamisini, streptomisini, kanamisini, amikasini. Hizi ni hatari zaidi, maana uharibifu wake kwenye chembe za kusikia mara nyingi haurudi nyuma, na unaweza kujitokeza hata baada ya sindano kwisha. Mwenye figo dhaifu yuko hatarini zaidi. Jentamisini ya kuchomwa nyumbani na jirani "aliyesoma kidogo uuguzi" kwa ajili ya tumbo au kikohozi, ikatae. Na matone ya jentamisini hayafai kwenye sikio lenye ngoma iliyotoboka bila daktari kujua. Yapo ya siprofloksasini ambayo ni salama zaidi.

Wanaotibiwa kifua kikuu sugu waseme CSDT, kituo chao cha matibabu, siku ileile mlio unapoanza. Matibabu ya siku hizi yanaelekea kwenye vidonge bila sindano, kwa hiyo mara nyingi lipo la kubadilisha. Kuacha dawa kimyakimya ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Aspirini kwa wingi, furosemidi ya mwenye moyo au presha, na sisplatini ya saratani zimo kwenye orodha hiyohiyo. Andika zote kwenye karatasi moja: jina, lini ulianza, lini uliacha. Dawa za kienyeji pia ziandike, bila aibu.

Hatua ya 4: Mwone ORL (daktari wa masikio, pua na koo), na usitoke bila odiogramu

Anza kwa kuulizia hospitali kubwa, kama ile kuu ya mkoa (HPGRB) au Panzi: daktari wa ORL anapokea siku gani? Uliza kwa simu au mtume mtu kwanza. Kupanda kutoka Bagira na kukuta si siku yake ni hasara ya pesa ya pikipiki na ya moyo.

Beba karatasi ya dawa, daftari lako la zamani la hospitali, na majibu ya maswali haya ambayo utaulizwa: mlio ulianza lini, sikio gani, unadunda au haudundi, unasikia vizuri, kuna kizunguzungu, unafanya kazi gani. Kuna swali moja linalowashtua watu. Muuguzi anauliza, "Papa, ni mulio tu, ao ni watu wanakusemesha?" Usikasirike. Hakuiti mwendawazimu. Filimbi, mvuke, nyenje ni mambo ya sikio na ubongo wa kusikia. Sauti zinazosema maneno na kutoa amri zinatibiwa kwa njia nyingine, na anataka akupeleke panapofaa. Mjibu ilivyo.

Odiogramu ni kipimo cha kusikia: unavaa vifaa masikioni, unainua mkono kila ukisikia mlio mdogo. Ni muhimu kwa sababu watu wengi wenye mlio wamepoteza usikivu kidogo bila kujua, hasa sauti nyembamba. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000, na kwa binadamu zikifa haziotei tena. Ubongo usipoletewa sauti za kutosha kutoka huko, huongeza nguvu ya kusikiliza, na mlio ndio unaojitokeza humo. Ndiyo maana kama odiogramu inaonyesha upungufu, kifaa cha kusaidia kusikia huweza kupunguza mlio: sauti za dunia zinarudi, ubongo unapata kazi nyingine. Kifaa kipimwe na kurekebishwa na mtaalamu. Vile vya bei ndogo vinavyouzwa pamoja na chaja za simu vinakuza kila kitu bila mpaka, na vinaweza kukuumiza.

Omba nakala ya odiogramu ukae nayo.

Hatua ya 5: Upange usiku wako

Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazima, mmoja mmoja, kwenye chumba kisichopitisha sauti. Asilimia 94 walisema wamesikia mlio wa aina fulani. Masikio mazima! Kimya kizito kinatosha kuuleta. Sasa fikiria mtu ambaye mlio anao tayari, amelala saa nane za usiku, umeme umekatika, mtaa mzima kimya.

Kwa hiyo shabaha ya usiku ni kuondoa kimya. Wenye mlio hapa Bukavu wana habari moja ambayo haipo kwenye vitabu: wakati wa mvua, mabati yakigongwa, wanalala, kiangazi kikiingia, Juni hadi Agosti, shida inarudi. Ni jambo la kutumia. Tafuta mvua ya mwaka mzima.

Ushauri mwingi wa intaneti utakuambia uwashe feni. Mji huu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, nani ana feni? Chukua redio ya zamani ya FM, ile ya kuzungusha kwa kidole, iweke katikati ya stesheni mbili pale inaposikika "shhhh" tupu. Hiyo ndiyo sauti inayouzwa kwa bei kubwa Ulaya kama kifaa cha tiba. Redio mpya za vitufe nyingine hukata sauti hiyo zenyewe, basi jaribu kwanza kabla ya kununua. Kama huna, pakua sauti ya mvua au ya mto mara moja ukiwa penye mtandao mzuri, kisha uicheze simu ikiwa imefungwa mtandao. Betri itakupeleka hadi alfajiri. Usiiweke simu chini ya mto ikiwa kwenye chaja.

Kiasi cha sauti ndicho wengi wanachokosea. Wanafungulia mpaka mlio ufunikwe kabisa. Hapana: punguza hadi mlio uendelee kusikika kidogo nyuma ya sauti ile. Ubongo unauzoea mlio unaousikia ukiwa hauna hatari. Uliofichwa kabisa, ubongo haujifunzi kuuzoea, na redio ikizima tu mlio unarudi na nguvu zake. Mkilala chumba kimoja na watoto, sauti ya chini hivyo haiwasumbui, na baada ya wiki moja wataidai wao.

Amka saa ileile kila siku, hata kama hukulala. Ukikaa kitandani macho makavu kama nusu saa, ondoka, kaa kwenye kiti, fanya jambo jepesi kwa mwanga mdogo, urudi usingizi ukija. Kitanda kisigeuke mahali pa kupigania.

Kasiksi (pombe ya ndizi) kidogo jioni ni shauri lako. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ya kutafutia usingizi, hapana: inakulaza saa mbili, inakuamsha saa tisa mlio ukiwa juu. Na diazepamu ya farmasi, inayotolewa bila karatasi, hushika mtu haraka. Ukitaka kuiacha, mlio na wasiwasi hupanda pamoja. Aliyekwisha izoea asiikate kwa siku moja, aombe daktari ampunguzie polepole.

Hatua ya 6: Kazi ya kichwani

Hii ndiyo yenye ushahidi mwingi kuliko zote, na ndiyo watu wanaidharau kwa sababu haina kidonge. Tiba ya mawazo na tabia, inayofanywa na mwanasaikolojia, haipunguzi sauti ya mlio. Inapunguza namna unavyokutesa. Ukipata mwanasaikolojia, vizuri sana. Usipompata, sehemu yake unaweza kuifanya mwenyewe.

Chukua daftari. Mlio ukikuzidi, andika sentensi ileile iliyopita kichwani, kama ilivyokuja: "Nitakuwa kiziwi." "Kichwa kitapasuka." "Nimerogwa." Halafu chini yake andika unachokijua kwa hakika. Nitakuwa kiziwi: odiogramu inasema nini? Kichwa kitapasuka: kililia hivi Jumapili, Jumapili jioni nilikula, nikaoga, nikazungumza na shangazi. Usijidanganye kwa maneno matamu, andika kweli tu. Mlio unaoogopwa hutazamwa na ubongo kama hatari, na ubongo hauachi kuitazama hatari.

Zoezi la pili lifanye mchana, si usiku. Kaa mahali penye sauti za kawaida, tuseme ukichambua sombe (majani ya mihogo) uani. Elekeza sikio kwenye mlio kwa muda mfupi. Kisha lihamishe kwa jogoo wa jirani. Kisha kwa pikipiki inayopanda. Kisha kwa majani mikononi, ubaridi wake, vikonyo vinavyokatika. Rudi kwenye mlio, uondoke tena. Mwanzoni utaona umenaswa, kila njia inarudi kwenye filimbi. Endelea kila siku kidogo. Unajifunza kwamba masikio yako yanaweza kwenda kwingine ukiyatuma.

La tatu: acha kuukagua. Kuamka na kuuliza "bado upo?" ni kuuita. Usiupime asubuhi, usizibe masikio kwa vidole kuona umepanda kiasi gani.

Ikiwa umefika pa kufikiri kwamba heri kufa, mwambie mtu leo, kabla ya usiku, asikuache peke yako, mwende pamoja hospitalini. Mjini kuna kituo cha SOSAME kinachotibu magonjwa ya akili. Najua watu wanavyosema kuhusu anayeonekana akiingia pale. Waache waseme. Kukosa usingizi wiki nyingi kunamvunja yeyote, na huzuni ya namna hiyo ina matibabu hata kama mlio unabaki.

Sala haimkatazi mtu dawa. Mchungaji anayekuambia uache vidonge, au anayekutajia bibi yako kuwa ndiye aliyekutumia mlio, huyo mkimbie.

Hatua ya 7: Jikinge na kelele, usijifiche kwenye kimya

Kipimo cha haraka: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye urefu wa mkono akusikie, kelele zimezidi. Kwa desibeli 85 kikomo ni saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka 3 muda unakatwa nusu; bafle ikifika 100, umebakiwa na dakika 15 hivi. Mwendesha mashine ya kusaga mihogo, fundi wa kuchomelea pale Kadutu, mchimbaji anayelisha mawe kwenye mashine ya kuponda, mpiga gita wa kanisa: hawa wavae vizibo vya sponji. Pamba haizuii karibu chochote. Kizibo kivingirishe kwa vidole kiwe chembamba, mkono mwingine uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kishikilie kidogo kipanuke. Kikibaki nusu nje, hakijafanya kazi. Kanisani kaa mbali na bafle, hata kama mashemasi wanakuonyesha kiti cha mbele.

Nyumbani na barabarani vitoe. Mtu anayevaa vizibo siku nzima kwa kuogopa sauti hulifanya sikio liwe jepesi kuumia. Baada ya miezi hata vyombo vikigongana jikoni vinamchoma.

Hatua ya 8: Usipoteze pesa

Ginko, zinki, vitamini za "kufungua masikio", mishumaa ya sikioni: ginko na zinki zimejaribiwa na hazikuonyesha faida ya kuaminika, na mishumaa inaunguza. Anayekuahidi kuuzima mlio ndani ya siku saba, muulize ameuzima kwa nani, umwone.

Hatua ya 9: Jipime

Yapo maswali 25 yanayoitwa THI, ya kupima jinsi mlio unavyomtesa mtu, yalitoka mwaka 1996 na tafsiri yake ya Kifaransa inapatikana. "Ndiyo" ni alama 4, "mara nyingine" 2, "hapana" 0. Jumla ya juu ni 100. Kuanzia 58 huhesabiwa kuwa mlio mkali. Yajibu leo, andika tarehe, uyarudie mara moja kwa mwezi, si kila siku. Watu wa nyumbani nao waonyeshe karatasi hiyo: ugonjwa huu hauonekani usoni, na mke au mume anayeona 72 imeandikwa anaelewa upesi kuliko kwa maelezo.

Alama zikipanda miezi miwili mfululizo, au mlio ukihamia upande mmoja, ukaanza kudunda, au ukaja na kizunguzungu, rudi kwa ORL na karatasi ya dawa pamoja na ile odiogramu ya kwanza, aifanye ya pili aziweke sambamba.